Jezi Ni Yetu, Mkataba Ni Wake

Desemba 2022, Feisal Salum, kiungo wa Yanga, aliwaaga Wananchi, yaani sisi mashabiki wa klabu hiyo, kupitia ukurasa wake wa Instagram, na kwa miezi sita iliyofuata hakuna jina lililotajwa kwa uchungu kama lake kwenye kijiwe chetu cha kahawa. Kijana tuliyekuwa tukimwita Fei Toto kwa mapenzi aligeuka kuwa msaliti, mtoto asiye na shukrani, mtu aliyenunuliwa. Mimi ni Yanga wa kurithi, niliyevalishwa kijani na njano kabla sijajua kusoma. Pia nimekula jasho langu kiwandani na kuwa mwakilishi wa wafanyakazi wenzangu kwa miaka mingi. Wakati wa sakata lile nilisimama upande ambao wachache kijiweni waliupenda, na leo bado nimesimama papo hapo: mchezaji ni mfanyakazi, na kila uamuzi wa kikosi ni uamuzi juu ya ajira ya mtu.

Feisal alitua Jangwani, nyumbani kwa Yanga, mwaka 2018, akiwa amekulia kisoka Zanzibar kwenye kikosi cha JKU. Yanga ya wakati ule haikuwa hii inayopokea nyota wa Afrika Magharibi uwanja wa ndege kwa ngoma na msafara wa magari. Ilikuwa Yanga ya dhiki. Mishahara ilichelewa, habari za wachezaji kugomea mazoezi zilisikika mara kwa mara, na kocha Mwinyi Zahera alihimiza michango mbele ya kamera bila kuona haya. Tawini kwetu tulipitisha bakuli. Mwenye elfu moja alitoa, mwenye elfu tano alitoa, na fedha zikapelekwa zikiwa zimekunjwakunjwa vilevile zilivyotoka mifukoni. Huku nyuma watani wetu Simba, wa Msimbazi, walibeba ubingwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 mpaka 2020/21. Wachezaji wengi walikuja na kuondoka katika kipindi hicho. Fei alibaki.

Kisha ukaja msimu wa 2021/22, tulipotwaa ubingwa bila kupoteza hata mchezo mmoja wa ligi. Nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani dhidi ya Simba ilichezwa CCM Kirumba, Mwanza, mwezi Mei. Niliitazama kwenye banda la kuonyeshea mpira Manzese, viti vya plastiki vimebanana kiasi kwamba magoti yangu yaligusa mgongo wa aliyekaa mbele. Fei akaachia shuti la mbali, likaenda moja kwa moja wavuni. Kijana muuza karanga aliyekuwa amesimama mlangoni aliruka, na sinia lake likamwagika lote sakafuni. Tulizama chini kumwokotea karanga zake huku tunaimba jina la Feisal. Mchezo uliisha 1-0. Usiku ule hakuna aliyeuliza analipwa kiasi gani.

Swali hilo lilikuja miezi saba baadaye, likiwa limevaa hasira. Kwa yale yaliyowekwa hadharani, Feisal alikuwa na mkataba wa kumfikisha mwaka 2024. Upande wake uliamini kwamba anaweza kuuvunja kwa kurudisha fedha ya usajili, shilingi milioni 100, pamoja na mshahara wa miezi mitatu, milioni 12. Milioni 112 zikaingizwa kwenye akaunti ya klabu. Klabu ikazirudisha, ikisema mkataba hauvunjwi na upande mmoja kwa namna hiyo. Shauri likafika kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka la nchi, ambayo Januari 2023 iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba mapitio, na mwezi Machi uamuzi ukabaki ulivyokuwa. Yeye hakurudi kambini. Familia yake ilipojitokeza kueleza ugumu wa maisha yake, maneno "ugali na sukari" yakadakwa mitandaoni na kugeuzwa mzaha wa mji mzima.

Milioni 12 kwa miezi mitatu ni milioni nne kwa mwezi, na hapo ndipo mabishano ya kijiweni yalipokita. Rafiki yangu mmoja, mpakia mizigo bandarini, alikuwa mkali kuliko wote.

"Milioni nne, kaka! Mimi mwaka mzima sizioni. Halafu mtu anasusa?"

"Ndugu yangu," nilimjibu, "wewe na wenzako mwezi uliopita mligoma kupakua mpaka posho ya usiku ilipwe. Kuna aliyekwambia uridhike kwa sababu muuza maji hapo getini anapata pungufu yako?"

"Ile ilikuwa haki yetu."

"Na huyu anadai nini?"

Akanyamaza, akaagiza kahawa nyingine. Sikutaka kumshinda. Nilitaka aone kwamba mshahara wa mtu haupimwi kwa shida za anayemtazama. Hupimwa kwa kazi yake na kwa soko la kazi hiyo. Mwezi Julai 2022 klabu ilikuwa imemleta Stephane Aziz Ki kutoka ASEC Mimosas, na sote tulishangilia kwa sababu tulijua mchezaji wa hadhi ile haji kwa bei ya mchicha. Vyumba vya kubadilishia nguo vina masikio. Mchezaji aliyevumilia miaka ya bakuli anapoona neema imefika, ni haki yake kuuliza sehemu yake ni ipi. Kazi yenyewe ni fupi mno: goti likigoma akiwa na miaka 27, hakuna atakayepitisha bakuli kwa ajili yake.

Mambo haya sikuyasoma magazetini kwanza. Kiwandani kwetu, kiwanda cha nguo, kulikuwa na fundi wa mashine za kufumia aliyeajiriwa kwa mkataba wa muda maalumu. Alipoingia alikuwa wa kupaka grisi na kubadilisha sindano. Taratibu akajifunza mashine ile mpaka akawa anatengeneza hitilafu ambazo zamani zilisubiri mtaalamu kutoka nje. Kazi ilikua, mshahara ukabaki palepale. Aliandika barua ya kuomba mazungumzo, akaambiwa asubiri mkataba uishe. Kiwanda kingine kilipomwita, uongozi ukatoa mkataba kabatini.

Nilikaa naye kantini tukausoma. Ulikuwa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini yenye kutu. Sahihi yake ilikuwa ya kalamu ya buluu, haina tarehe, na nakala hakuwahi kupewa. Tulipiga picha kwa simu yake ili awe nayo. Kipengele cha kusitisha ajira kilikuwa sentensi moja ya Kiingereza cha kisheria. Hakikusema notisi ni ya siku ngapi, wala fidia ni kiasi gani, wala nani anayeikokotoa. Tulipofika kwenye usuluhishi, muda mwingi uliishia kwenye sentensi ile, kila upande ukiivutia kwake. Mwishowe fundi aliondoka akiwa na kinyongo, na mashine mbili zikalala kwa wiki kadhaa kwa sababu aliyezijua hayupo. Uongozi ulikuwa umeokoa nyongeza ya mshahara na kupoteza uzalishaji wenye thamani kubwa kuliko nyongeza hiyo.

Kwa hiyo niliposikia habari za Feisal, nilizisikia kwa masikio ya mtu aliyeshika karatasi zile. Lakini haki ni pande mbili, na uwakilishi wa wafanyakazi ulinifundisha kutodanganya hata kwa faida ya mwenzangu. Soka si kiwanda. Kwa sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anaweza kuondoka kwa notisi isiyopungua siku 28. Mchezaji mwenye mkataba wa muda maalumu hana mlango mwepesi namna hiyo. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinakataza upande mmoja kuvunja mkataba katikati ya msimu. Zinaweka pia kipindi cha ulinzi cha misimu au miaka mitatu kwa aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28, na miwili kwa aliyesaini baada ya hapo. Anayevunja bila sababu ya haki hulipa fidia, na ndani ya kipindi hicho cha ulinzi anaweza kufungiwa pia.

Kuna mantiki hapo. Kama kila kiungo angeweza kuhama Februari kwenda kwa mpinzani wa ubingwa, ligi isingekuwa na maana. Kocha hupanga kikosi Agosti akitegemea watu walewale mpaka Mei. Ndiyo maana sikuwahi kusema kwamba kamati ilitunga jambo kutoka hewani. Feisal aliondoka Desemba, msimu ukiwa katikati, na kanuni ilikuwa na la kusema. Nilichokipinga, na ninakipinga mpaka leo, ni sisi mashabiki kuchukua hukumu ya kisheria na kuifanya kibali cha kumtukana mtu na mama yake.

Dirisha dogo la Januari likamleta Mudathir Yahya, Mzanzibari mwingine, na timu ikasonga. Tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mei 28, 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa, USM Alger walitufunga 2-1. Marudiano Algiers tukashinda 1-0, kombe likaenda kwao kwa sheria ya bao la ugenini. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba Feisal angebadilisha matokeo, na mimi sitajaribu. Ninachojua ni kwamba mmoja wa viungo bora wa nchi hii alikaa karibu nusu mwaka bila kucheza mchezo wa klabu, katika umri ambao mguu wake ulikuwa kwenye kilele. Klabu ilikosa huduma yake, naye akakosa fainali. Mgogoro wa kazi usiotatuliwa kwa wakati hauna mshindi. Nilikuwa nimeyaona hayo kwenye mashine zilizolala.

Siku chache baada ya fainali, Rais Samia aliialika timu Ikulu, na pale akauomba uongozi wa Yanga umalize jambo la Feisal. Likamalizwa. Kabla wiki haijaisha Azam, klabu ya Chamazi, ilimtangaza kuwa mchezaji wake. Msimu uliofuata, 2023/24, alifunga mabao 19 ya ligi, nyuma ya Aziz Ki peke yake aliyefunga 21, na Azam ikashika nafasi ya pili. Watu wengi waliusifu mwisho ule kwa kuwa ulileta amani, na mimi nilishukuru kama wao. Lakini mwakilishi wa wafanyakazi aliye ndani yangu hakuridhika. Mgogoro wa mkataba wa kiungo mmoja ulihitaji neno la mkuu wa nchi ili uishe. Mchezaji wa timu ya daraja la kwanza huko Songea, anayedai mishahara ya msimu mzima, hataalikwa Ikulu. Yeye anahitaji utaratibu unaofanya kazi bila kujali jina lake.

Kuna jambo jingine la msimu wa sakata lile ambalo wenzangu walikuwa wamelisahau. Kwenye kikosi hichohicho cha 2022/23 alikuwepo Bernard Morrison. Mwaka 2020 Mghana huyo alituacha na kwenda Simba. Klabu yetu ikadai alikuwa amesaini mkataba mpya, yeye akakana. Kamati ya TFF ikampa haki yeye, Yanga ikakata rufaa kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na Novemba 2021 rufaa ikatupwa. Katika miezi ile sijui kuna laana gani hakulaaniwa. Mwaka 2022 alirudi Jangwani, na wale waliomlaani wakampigia makofi. Hasira ya shabiki ni ya msimu. Rekodi ya mchezaji, afya yake na jina la familia yake ni vya maisha yote. Ndiyo maana tunapaswa kuwa wagumu wa kutukana na wepesi wa kuuliza karatasi zinasemaje.

Soka la Afrika limewahi kulipa gharama kubwa kwa kutouliza. Juni 1974, Zaire ilikwenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi ikiwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara. Miezi mitatu nyuma ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika nchini Misri, na Ndaye Mulamba akafunga mabao tisa katika mashindano yale. Walifungwa na Scotland 2-0, kisha wachezaji wakabaini kwamba posho zao hazitafika. Wakatishia kutocheza na Yugoslavia. Walishawishiwa wakaingia uwanjani, miguu ikiwa pale na mioyo ikiwa kwingine. Mabao matatu yalipoingia, kocha Vidinić alimtoa kipa Kazadi mapema kipindi cha kwanza na kumwingiza Tubilandu. Mchezo uliisha 9-0.

Mchezo wa tatu dhidi ya Brazil ndio dunia inaoukumbuka. Wabrazil wanajiandaa kupiga faulo, beki Mwepu Ilunga anachomoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla haujaguswa. Kwa miongo mingi picha ile ilionyeshwa kwenye runinga za Ulaya kama ushahidi kwamba Mwafrika hajui sheria za mpira. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria alizijua vizuri. Alikuwa anapinga namna walivyotendewa. Bingwa wa Afrika asiyejua faulo! Watazamaji walikubali hadithi hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuuliza nani ameshika fedha za wachezaji. Kila nikimsikia mtu anasema mchezaji fulani "amegoma kucheza, ana kiburi," namkumbuka Mwepu, na nauliza kwanza kama amelipwa.

Hata upangaji wa kikosi, ambao tunaujadili kama burudani, una upande huu. Tunasema "atemwe", "auzwe", "akae benchi mpaka ajirekebishe". Kocha ana haki kamili ya kuchagua kumi na moja wake, na mimi sitaki shabiki wala kiongozi amwandikie kikosi. Lakini benchi linaweza pia kugeuzwa fimbo: mchezaji anayekataa kuongeza mkataba anaanza kutoonekana, kisha anaambiwa hana kiwango. FIFA iliona hatari hiyo. Kanuni zake zinasema mchezaji aliyekomaa ambaye ndani ya msimu ametumika katika chini ya asilimia 10 ya michezo rasmi ya klabu yake anaweza kuomba kuvunja mkataba kwa sababu ya kimichezo, msimu ukiisha. Na klabu isipomlipa mishahara ya miezi miwili anaweza kuipa notisi ya siku 15 ilipe, na isipolipa akaondoka kwa sababu ya haki. Nimewauliza vijana kadhaa wanaocheza madaraja ya chini hapa Dar es Salaam kuhusu mambo haya mawili. Walinitazama kana kwamba nawapa habari za nchi nyingine. Wengine mkataba wao hawajawahi kuushika mkononi.

Tiba ninaijua, kwa sababu tuliitumia kiwandani baada ya kuumia, na ilifanya kazi. Mkataba uandikwe kwa lugha anayoielewa anayesaini, na aondoke na nakala. Bei ya kuondokea iandikwe kwa tarakimu, pamoja na kipindi inapotumika, ili siku ya kuachana pasiwe na sentensi ya kuvutana. Kazi ikikua, mazungumzo ya mshahara yafanyike wakati huo, kabla mtu hajapigiwa simu na jirani. Na pawe na chama chenye nguvu: SPUTANZA, chama cha wachezaji wa nchi hii, kinahitaji wanachama nyota wakilipe ada na kukisemea, kwa kuwa nyota akisimama na mwenzake wa benchi, wa benchi husikilizwa.

Sehemu ya shabiki ni kubwa kuliko tunavyodhani. Sisi wanachama tuna mikutano ya matawi na mkutano mkuu. Mara nyingi nimeketi kwenye mikutano hiyo nikasikia maswali ya straika gani anakuja na nani ataachwa, na nadra nikasikia mtu akiuliza wachezaji gani wanaingia mwaka wa mwisho wa mikataba yao na mazungumzo yamefika wapi. Swali hilo la pili ndilo linalolinda timu. Klabu inayojibu mapema haiendi kamatini, haipotezi kiungo wake bora kwa bei isiyoitaka, na haihitaji kuombwa na Rais. Nitaendelea kuliuliza kila ninapopewa nafasi ya kusema, na nawaomba wenzangu wa Jangwani, wa Msimbazi, wa Chamazi na wa kila klabu ya wilaya waliulize pamoja nami. Tunaipenda timu kwa sababu ya watu wanaoichezea. Basi tuwatetee watu hao siku wanapodai, kama tunavyowashangilia siku wanapofunga.